Jeki Iko kwa Hamdani

Uliiona. Usitikise kichwa. Uliiona ile pikapu ya buluu ikiingia ziwani pale Ujiji, magurudumu yote manne ndani ya maji, mwenyewe amekunja suruali anamwaga ndoo juu ya boneti. Uliwaona kina mama wakichota maji ya kunywa hatua kumi kutoka pale. Ukafanya nini? Uligeuza uso, ukauliza bei ya dagaa.

Na siku Selina alipovunjika mkono ukasema ni mipango ya Mungu. Mungu hakuwa na mkono katika jambo lile. Kaa hapa nikusimulie, maana wewe unasahau upesi, na mimi sisahau.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Unaukumbuka mwaka ule. Maboti yalivuka ziwa yamejaa watu waliokimbia vita, mama amebeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani, basi, ndiyo mali yote. Magari meupe ya mashirika yalijaa mjini. Na sisi tukaanza kuona wivu. Tulimwonea wivu dereva wa shirika, tukamwonea wivu mlinzi wa shirika, tukamwonea wivu hata mkimbizi kwa sababu ya blanketi alilopewa. Mtu amepoteza nyumba na watoto, wewe unatazama blanketi!

Lakini hadithi hii ni ya Thobias.

Thobias aliishi Buzebazeba na mkewe Melania na binti yao Dainess. Kazi yake ilikuwa ile pikapu ya buluu. Kila asubuhi alibeba magunia ya dagaa kutoka Ujiji, akapita Mwanga, akateremka hadi stesheni ili magunia yapande treni. Wenye magunia walikaa juu ya magunia yao. Ilikuwa kazi nzuri. Familia ilikula, Dainess alisoma.

Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Hamdani. Naye alikuwa na pikapu. Watu hawa wawili walikuwa marafiki wa kweli. Mwaka wa tisini na moja walichanga wakanunua jeki moja, ile ya kuinulia gari. Walikubaliana hivi: jeki inakaa kwa aliyeitumia mwisho. Ukiihitaji, unabisha hodi, unachukua.

Kisha Hamdani akapata kazi ya shirika. Kila wiki alipeleka maharage kambini, njia ya Kasulu. Na siku ile jeki ilikuwa kwake.

Tangu siku ile Thobias hakubisha hodi tena.

Miezi mitano! Alipopata pancha alipanga mawe chini ya gari, akachimba shimo chini ya gurudumu mpaka likaning'inia. Mtaa mzima ulicheka. Wewe pia ulicheka.

Asubuhi moja Thobias alikuwa anakunywa chai. Nje honi ikalia, pii-pii. Hamdani alikuwa anamuaga mkewe. Thobias akaweka kikombe chini.

"Unaisikia?" akasema. "Hata honi amebadilisha."

"Honi ni ile ile, Baba Dainess," Melania akajibu. "Kunywa chai."

"Ile ya zamani haikulia hivi. Hii inalia kama ya mtu aliyeshiba."

"Haya. Na bati lake jipya nalo linalia?"

"Kumbe na wewe umeliona!"

Melania akacheka. Kisha akaelekeza kidole kwenye ndoo ya maji. "Wewe tazama hapa kwanza. Hii ni ndoo ya jana jioni. Juu ina rangi rangi kama ya mafuta. Na maji yananuka gari."

"Ni maboti hayo."

"Maboti yako mbali. Pale ninapochota mimi ndipo unapooshea pikapu."

"Naosha kwa nini? Nakuuliza wewe, naosha kwa nini? Jumatatu ya mwisho wa mwezi shirika linakagua magari mengine matatu ya kukodi. Magari ya shirika yenyewe yanang'aa kama mayai. Hamdani ana vumbi la Kasulu mpaka kwenye vioo, na bado wamempa kazi. Je, mimi niking'aa?"

Huo ndio ulikuwa mpango wake. Kila jioni, akitoka safari ya mwisho, gari bado la moto, aliliingiza moja kwa moja ziwani. Aliliosha mpaka uso wake ukaonekana kwenye mlango. Madereva wa Ujiji wote walifanya hivyo. Ziwa liko hapo, maji ni bure. Nani angesema ni kosa?

Gari lilisema. Wiki ya pili gurudumu la mbele la kulia lilianza kuvuma, vuuu, kama nyuki ndani ya debe. Gari likienda polepole sauti inapungua, likikaza mwendo inapanda. Thobias alifunga dirisha ili asisikie.

Siku ya Alhamisi alipakia magunia kumi na manne. Melania alikaa mbele. Selina alikaa juu ya magunia. Selina alikuwa mjane, mchuuzi wa dagaa, mwanamke wa maneno mengi.

"Dereva!" alipaza sauti walipopita Mwanga. "Gari lako leo linaimba kwaya!"

"Kaa chini wewe, utaanguka!" Thobias akajibu.

Wakaanza kuteremka kwenda stesheni. Unaujua mteremko ule. Thobias akakanyaga breki. Gari halikusimama sawa. Lilivutwa kushoto, kama mtu ameshika usukani upande mmoja. Akakanyaga tena kwa nguvu. Gari likaruka kushoto, gurudumu likaingia mtaroni, magunia yakamwagika. Selina akamwagika nayo.

Watu walikusanyika. Wengine waliokota dagaa. Selina alikuwa amekaa chini ameshika mkono wake wa kulia. Mfupa ulikuwa umevunjika. Alipelekwa hospitali, akafungwa plasta. Ni mkono wa kulia, mkono wa kazi, naye ana watoto wanne.

Gari lilitolewa mtaroni, likarudishwa nyumbani polepole kwa gia ya kwanza. Thobias alikaa kwenye kizingiti, macho kwenye ukuta wa jirani.

"Ni yeye," akasema.

"Nani?" Melania akauliza.

"Hamdani. Amelegeza kitu. Anajua Jumatatu nakaguliwa. Hataki nipate."

"Ulimwona?"

"Wivu hauonekani, mke wangu. Mtu anakuwa nao moyoni."

Melania alimtazama muda mrefu. "Hilo ni kweli," akasema. Akajitanda khanga, akaenda Kasingirima kumwita Mzee Mwinshehe.

Mzee Mwinshehe alitoka Morogoro mwaka wa sitini na tisa, akaletwa Kigoma kuwa fundi katika gereji ya serikali. Alikuwa amestaafu, ila nusu tu. Asubuhi ni fundi, mchana ni mstaafu. Ikiadhiniwa adhuhuri anafunga mfuko wake wa spana, hata gari liwe la mkuu gani. Vijana aliowafundisha kushika spana sasa walivaa ovaroli mpya za mashirika, na baadhi walimpita bila salamu.

Alikuja kesho yake asubuhi kwa baiskeli.

"Mwakeye," alisalimu kwa Kiha chake cha kigeni.

"Shikamoo, mzee," Thobias akaitikia.

"Marahaba. Gari linasemaje?"

"Limeharibiwa, mzee. Kuna mtu..."

"Sikuuliza mtu. Nimeuliza gari."

Hakugusa spana. Aliuliza maswali. Sauti ilitoka gurudumu gani? Ilianza lini? Inazidi ukienda kasi? Breki inavuta upande upi? Mwisho akauliza, "Baada ya safari unalipeleka wapi gari hili?"

"Naliosha tu. Ziwani."

"Likiwa la moto?"

"Ndiyo, mzee. Vumbi linatoka vizuri."

Mzee akafunga macho kidogo, kama mtu aliyeumwa jino. "Leta jeki."

Thobias akatazama chini. Kuku walipita. Melania akakohoa.

"Hakuna jeki," Thobias akasema.

"Ninyi mlikuwa na jeki nzuri. Nilikwenda nanyi kuinunua."

"Iko kwa Hamdani."

"Basi nenda."

"Tunaweza kuchimba, mzee. Mimi huwa nachimba."

"Unachimba!" Mzee Mwinshehe akamtazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Ninyi Waha ng'ombe mnamkagua kwato kila asubuhi. Gari linalobeba watu mnalichimbia shimo? Sikia. Kwa jeki ninainua gurudumu, nalishika juu na chini, nalitikisa. Likicheza, beringi zinazozungushia gurudumu zimekwisha. Nalizungusha kwa mkono, nasikiliza. Likikwaruza, ndani kuna mchanga au kutu. Hayo ni ya dakika tano, na yalikuwa ya dakika tano miezi yote hii. Mwanamke yule amevunjika mkono kwa sababu hukutaka kusema hodi. Saa yangu inakwenda. Adhuhuri nafunga."

Mlango wa Hamdani ulikuwa hatua kumi na mbili. Thobias alikwenda kama mtu anayepanda kilima. Akasimama. Akarudi hatua moja. Melania, kutoka nyuma, akasema kwa sauti ya chini, "Selina ana watoto wanne."

"Hodi," Thobias akasema.

"Karibu!" Hamdani alitoka na singlendi, ameshika kijiko cha chai. Alipomwona mgeni wake alisimama. Walitazamana.

"Nimefuata jeki," Thobias akasema.

"Jeki ni yako pia."

"Najua."

"Miezi mitano nimeitia mafuta isishike kutu. Nilidhani utakuja kesho, utakuja kesho." Hamdani akaingia ndani, akatoka nayo. Hakumpa. Aliishika kifuani. "Tobi, nina neno. Gurudumu lako la kulia linavuma. Nimelisikia wiki mbili sasa, kila ulipopita dirishani kwangu."

"Ulilisikia?"

"Nililisikia."

"Ukanyamaza?"

"Wewe hunisalimu! Nikasema, acha, mwenyewe ana masikio." Sauti ya Hamdani ikashuka. "Jana nilimwona Selina anarudi na plasta. Chai hii hainipiti kooni."

Basi umesikia? Mmoja aliziba masikio kwa wivu, mwingine alifunga mdomo kwa kisasi. Katikati yao akaanguka mama wa watu. Na mimi na wewe, tuliopita pale kila siku, tulisikia vuuu na tukaendelea na safari.

Waliinua gurudumu. Mzee Mwinshehe akalishika juu na chini, akalitikisa. Likacheza, kotokoto. Akalizungusha. Likakwaruza.

"Shika mkono hapa," akamwambia Thobias. "Unasikia mchanga?"

"Nausikia, mzee."

Alitoa gurudumu, akafungua kifuniko kidogo cha katikati. Pale palikuwa na nati kubwa inayoshikilia kila kitu. Nati hiyo hufungwa na pini ili isilegee. Badala ya pini palikuwa na msumari.

"Nani aliweka huu?"

Thobias akajikuna kisogo. Hamdani alitazama pembeni ili asicheke.

Mzee akavuta ngoma ya breki nje. Maji yalidondoka. Beringi zilikuwa na kutu nyekundu na vishimo vishimo. Grisi, ambayo inatakiwa kuwa nzito na ya kunata, ilikuwa nyeupe na nyepesi kama uji wa muhogo. Mpira unaozuia uchafu, ambao mafundi huuita sili, ulikuwa umechoka na kupasuka. Sehemu ya grisi ilikuwa imevuja hadi kwenye shuu za breki, zile zinazobana ngoma gari lisimame.

"Shuu zina utelezi," Mzee akasema. "Upande huu haubani. Upande wa kushoto unabana. Ndiyo maana gari lilivutwa kushoto. Hakuna mtu aliyelegeza kitu hapa."

"Lakini maji yaliingiaje, mzee? Kumefungwa."

"Chukua chupa tupu. Iweke juani mpaka iwe ya moto, kisha igeuze mdomo ndani ya maji baridi. Maji yanapanda ndani, au hayapandi?"

"Yanapanda."

"Gurudumu ni hivyo hivyo. Gari likitoka safari, ndani ya habu hii, kitovu cha gurudumu, hewa ni ya moto. Ukilizamisha ziwani, hewa inapoa na kusinyaa, inavuta maji na mchanga kupitia sili iliyochoka. Kila jioni kidogo. Wewe unaosha nje, unachafua ndani. Na grisi imetoka. Niambieni, grisi yote hii imekwenda wapi?"

Wanaume wakatazama chini ya gari. Kisha Melania akaingia ndani, akarudi na ndoo. Akaiweka mbele ya mumewe. Juu ya maji rangi zilikuwa zikielea, nyekundu, buluu, kijani.

"Iko hapa," akasema. "Nimempa Dainess anywe."

Thobias aliitazama ndoo. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi na suruali yake safi.

Mzee Mwinshehe alifuta mikono polepole. "Mnamkumbuka Bonifasi?" akauliza. "Ninyi mlikuwa wadogo. Mwaka wa sabini na nne tulikuwa mafundi wawili gerejini. Wakampandisha cheo, akawa msimamizi, mimi nikabaki. Siku moja aliondoka na lori. Nilisikia gurudumu linavuma, vuuu, kama hili lako. Nikasema moyoni, yeye ndiye msimamizi, asikie mwenyewe. Lori likapinduka." Akakunja kitambaa. "Aliishi. Mguu haukuishi. Nilimsalimu miaka kumi na miwili yule mtu, na kila salamu ilikuwa nzito. Sitaki mnieleze wivu. Naijua nyumba yake."

Kazi ikaanza. Mzee hakufanya peke yake. Alimfanya Thobias ashike kila kitu kwa mkono wake. Hamdani alikwenda Mwanga kwa pikapu yake, akarudi na beringi mpya, sili mpya, pini, na shuu za breki za magurudumu yote mawili ya mbele.

"Kwa nini yote mawili?" Thobias akauliza. "La kushoto ni zima."

"Ukibadili upande mmoja, upande mmoja utabana zaidi. Utarudi mtaroni."

Walisafisha habu kwa mafuta ya taa, wakaikausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Mzee akaweka donge la grisi kwenye kiganja cha Thobias. "Usipake juu juu kama siagi. Ikandamize beringi kiganjani, grisi iingie upande huu itokee upande wa pili. Hivyo. Sasa kaza nati huku unazungusha gurudumu. Kisha ilegeze kidogo. Lizunguke bila kukwama, na ukilitikisa lisicheze. Haya, weka pini. Pini, si msumari!"

Upande wa kushoto walifungua pia. Nao ulikuwa umeanza kuingia maji. Adhana ya adhuhuri ikalia, na Mzee Mwinshehe akaendelea kufanya kazi. Aliswali pale pale uani, akarudi kwenye nati.

Jumatatu Thobias alikwenda kwenye ukaguzi. Alikwenda na gari lenye vumbi. Mkaguzi alikuwa mama mmoja aliyehamishiwa Kigoma kutoka Upareni, jina lake Aikande. Hakutazama rangi. Aliomba jeki. Aliinua gurudumu, akalitikisa, akalizungusha, akasikiliza. Kisha alikaa mbele akamwambia Thobias akimbize gari na kufunga breki ghafla. Gari likasimama sawasawa.

"Nani alifunga hili gurudumu?" akauliza.

"Mimi, mama. Nilifundishwa."

"Na vumbi hili?"

"Naosha kwa ndoo, mbali na ziwa, gari likiwa limepoa. Leo nimetoka safari, bado halijapoa."

Mama Aikande akaandika. Thobias alipewa safari moja kwa wiki. Hamdani alikuwa na mbili. Usidhani wivu uliisha. Jioni ile Thobias alimwambia mkewe, "Yeye mbili, mimi moja." Melania akamwonyesha mlango, na Thobias akaenda kubisha hodi, akarudisha jeki, akakaa huko akanywa chai. Tangu hapo, kila Ijumaa watu hao wawili wanainua magurudumu yao pamoja na kuyatikisa. Thobias alibeba magunia ya Selina bila nauli mpaka plasta ilipotolewa, na Selina hakuacha kumwita mwanakwaya.

Maji ya Melania sasa hayana rangi, maana pale anapochota hapaoshwi gari tena.

Lakini jana nilipita ufukweni Ujiji. Nilihesabu magari matano ndani ya ziwa, yote yametoka safari, yote ya moto. Kina mama walikuwa wanachota. Na wewe ulikuwepo. Nilikuona ukichagua migebuka kwa muuza samaki.

Basi leo hugeuzi uso. Inuka hapo ulipokaa. Nenda ufukweni, simama mbele ya gari la kwanza linaloshuka majini, mwambie dereva arudi nyuma. Akikutukana, mweleze habari za chupa ya moto. Kisha rudi kwako, inua gurudumu lako, shika juu na chini, tikisa. Na kama jeki iko kwa mtu usiyemsalimu, mlango wake unaujua. Nenda ukabishe hodi sasa hivi, kabla treni ya kesho haijaita magunia.